Baba ananiuliza bei ya kahawa, nami nina sapu mbili

Mwanangu "Mchumi Jina" wa Kamachumu,

Nimeisoma barua yako yote, hata ile sehemu uliyoikata kwa mistari ukidhani sitaiona. Kwa faida ya wasomaji wenzako ngoja niieleze kwa ufupi. Umemaliza mwaka wa kwanza wa shahada ya uchumi, katika chuo ambacho hukukitaja, nami sikuulizi. Matokeo yametoka na una sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, ya maikro na ya hisabati. Uko nyumbani Muleba kwa likizo ndefu, na likizo yenyewe imeangukia msimu wa kahawa. Basi kila jioni, mbele ya majirani, tata, yaani baba yako, anakugeukia: "Haya mchumi wetu, bei itapanda au itashuka? Niuze sasa au ningoje?" Wewe unajifanya umeitwa jikoni. Habari za sapu hajui. Anayejua ni baba yako mdogo wa Bukoba mjini, ambaye ulimnong'oneza kwa kuwa ndiye anayekutumia nauli, naye amekwisha kutoa hukumu: achana na uchumi, hamia uhasibu, maana mhasibu ana meza yake katika kila ofisi, ilhali mchumi anazunguka na bahasha. Ukamalizia hivi: "Shangazi, naona nimewadanganya wote. Niache?"

Jibu langu fupi: usiache kwa sababu hizo ulizoniandikia. Ipo sababu nzuri ya mtu kuacha uchumi, na nitakuambia ni ipi, lakini haimo kwenye barua yako. Vuta kiti tuongee.

Tuanze na hiyo bei ya kahawa, maana naona inakukosesha usingizi kuliko hata sapu. Unajiona tapeli kwa kuwa hujui itakuwaje mwezi ujao. Mwanangu, mhadhiri wako naye hajui. Gavana wa Benki Kuu hajui. Mtu ambaye angeijua kwa hakika bei ya kahawa ya Desemba asingekuwa anasahihisha mitihani yenu. Angekuwa amekopa kila benki, amejaza maghala kuanzia Kemondo hadi Mutukula, nasi tungekuwa tunamsoma kwenye habari za matajiri. Kutabiri bei hakumo katika ahadi za fani yako. Tata hakosei kuuliza, kwa sababu hakuna aliyemweleza kazi ya mchumi ni ipi. Unayekosea ni wewe, unayejihukumu kwa mtihani usiokuwemo kwenye mtaala.

Kuna kitu kingine, hata hivyo, ambacho unaweza kumwambia: bei hiyo inatoka wapi. Robusta, ambayo ndiyo kahawa kubwa ya Kagera, hufuata soko la London. Arabika ndiyo hufuata la New York. Mzalishaji mkubwa wa robusta duniani ni Vietnam. Tanzania nzima, ukijumlisha robusta na arabika, hutoa chini ya asilimia 1 ya kahawa yote ya dunia, kwa hiyo sisi bei tunaipokea, hatuipangi. Mwaka 2024 robusta ilivunja rekodi London, ukame wa Vietnam ukiwa miongoni mwa sababu, na hakuna mkulima wa Kamachumu aliyefanya lolote kuileta neema ile. Kinyume chake kilitokea Julai 1989, pale mfumo wa kimataifa uliokuwa ukizigawia nchi viwango vya kuuza kahawa ulipovunjika na bei ikaporomoka. Waulize wazee wa kijijini kwenu kama wanaikumbuka miaka iliyofuata. Watakusimulia, na hawatakuwa wanacheka.

Basi safari ijayo tata akikuuliza, usikimbilie jikoni. Mwambie: "Tata, bei siijui, na anayekuambia anaijua ana kitu anataka kukuuzia. Ninachojua ni kwamba ukiuza yote siku moja umecheza kamari. Uza ya kutosha haja zako za sasa, nyingine ingoje." Hilo ni somo halali la kugawanya hatari, na ni jibu la mtu aliyekaa darasani, hata kama halina mbwembwe walizozitarajia majirani.

Sasa nije kwenye sentensi uliyoipitisha harakaharaka, kama mtu anayeficha sufuria iliyoungua. Uliandika: "Halafu nusu ya kahawa yetu tata aliiuza butura tangu Januari, ikiwa bado mbichi mtini." Kisha ukaendelea na mambo ya GPA. Rudi hapo, mama, hapo ndipo penye uchumi.

Kwa wasomaji walio mbali na Kagera, butura ni kumuuzia mtu kahawa kabla haijaiva, kwa bei ya chini, kwa sababu una shida ya fedha leo. Tuchukue tarakimu nyepesi, zisizo za msimu wowote. Mnunuzi anampa tata shilingi 50,000 mwezi Januari kwa gunia ambalo Julai litauzika kwa 100,000. Jirani ataiita biashara mbaya na kuishia hapo. Wewe chukua kalamu uandike: tata amekopa 50,000 na amelipa 100,000 baada ya miezi 6. Hiyo ni riba ya asilimia 100 kwa nusu mwaka. Kama angepata mkopo wa kiasi hichohicho kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, angelipa 55,000. Ile tofauti ya shilingi 45,000 kwa kila gunia ndiyo gharama ya kukosa mahali pa kukopa.

Je, tata hajui hesabu? Anaijua sana. Januari watoto wanarudi shule, wanataka sare na madaftari. Mtu anaugua, mwingine anafariki. Na benki inataka dhamana ambayo kibanja kisicho na hati hakiitoi. Tena mnunuzi wa butura hakuchukua faida ya bure tu: bei ikianguka au kahawa ikipukutika kabla ya kuiva, hasara ni yake kwa sehemu kubwa. Kwa maana hiyo tata amekopa na wakati huohuo amenunua bima, vyote kwa mtu mmoja na vyote kwa bei ya kuumiza. Serikali imekuwa ikiipiga vita butura miaka na miaka, na butura bado ipo, kwa sababu katazo halimletei mtu fedha za Januari. Swali la mchumi ni hili: nini kingeleta fedha hizo kwa gharama nafuu? SACCOS? Kikundi cha kuweka na kukopa cha mama? Kiasi gani kikiwekwa Agosti kingetosha kuliokoa walau gunia moja Januari? Ukiweza kukaa na tata mkaipiga hesabu hiyo bila kumfanya ajione mjinga, utakuwa umemsaidia kuliko mtabiri yeyote wa bei.

Umeona? Kitu ulichokificha kwa aibu ndicho mada ya somo lako. Na hapo naingia kwenye lalamiko lako la pili, kwamba darasani "hawazungumzi habari za kwetu, ni tufaha na machungwa na mtu mmoja anayeitwa mtumiaji". Ni kweli, vitabu vingi mnavyotumia viliandikwa Marekani kwa ajili ya watoto wa Marekani, na mifano yake inanukia maduka yao. Lakini umehitimisha kwamba uchumi haujawahi kufika kwenu, na hapo ndipo ninapokukatalia kabisa. Umefika zamani. Wewe ndiye hujaonyeshwa.

Mwaka 1984, katika chuo kikuu cha kilimo cha Sweden kule Uppsala, binti wa Muleba aitwaye Anna Tibaijuka alitoa tasnifu yake ya udaktari. Hakuandika juu ya viwanda vya Ulaya. Aliandika juu ya vibanja vya migomba na kahawa vya wakulima wadogo wa Kagera, kwa nini vinazorota na nini kifanyike. Umma unamkumbuka zaidi kama mkuu wa shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, na baadaye mbunge wa Muleba Kusini, lakini fani yake ni uchumi wa kilimo, na alianzia palepale mnapovuna ndizi. Kabla yake kulikuwa na Justinian Rweyemamu, mzaliwa wa Bukoba wa mwaka 1942, aliyesoma udaktari wa uchumi Harvard, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akamshauri Mwalimu Nyerere, na mwaka 1973 akachapisha kitabu juu ya viwanda na kudumaa kwa uchumi wa Tanzania. Alifariki mwaka 1982 akiwa bado kijana wa miaka 39. Kwa hiyo usijione mgeni aliyevamia ukumbi wa watu. Viti vya mbele vilikwisha kukaliwa na watu wa kwenu.

Kuna zaidi. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizihoji mara kwa mara kaya zaidi ya 900 za Kagera, wakitaka kujua familia inafanyaje mtu mzima anapofariki, maana ilikuwa miaka ya ukimwi, na mkoa wetu ndio ulioonja kwanza. Mwaka 2004 watafiti wakarudi kuwatafuta watu walewale popote walipo, na mwaka 2010 wakawatafuta tena, hata waliohamia Mwanza, Dar es Salaam na Uganda. Takwimu hizo ziko wazi kwa mtafiti yeyote, na wanafunzi wa udaktari wa Ulaya na Marekani wameandikia tasnifu zao. Kipo pia kijiji cha Nyakatoke, huko Bukoba Vijijini. Mwaka 2000 kaya zote 119 za kijiji hicho ziliulizwa swali moja la kawaida kabisa: ukipatwa na shida unamtegemea nani, na nani anakutegemea wewe? Ilionekana kwamba undugu, ujirani na dini vina uzito mkubwa, na pia kwamba maskini ndiye mwenye watu wachache wa kukimbilia kuliko mwenye uwezo. Wachumi wanaosomea mitandao ya kusaidiana wanalijua jina la Nyakatoke wakiwa Oxford, nawe uliye mwendo wa daladala kutoka huko unanilalamikia tufaha!

Sasa hisabati. Hapa sitakubembeleza. Kidato cha sita ulisoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), ukapata alama nzuri ya Uchumi, ukaamini unaujua uchumi. Uchumi ule mara nyingi ulikuwa wa insha: taja sababu saba, eleza hoja sita, hitimisha. Chuoni wamekukabidhi milinganyo na kalkulasi, wenzako wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) wakaonekana wako nyumbani, wewe ukashtuka. Hakuna aliyekutahadharisha, na hilo ni kosa la sisi wakubwa tunaowasukuma watoto kujaza fomu bila kuwaeleza ndani ya kozi kuna nini. Kwa hiyo sapu zako hazijathibitisha kwamba huna akili ya uchumi. Zimethibitisha kwamba ulifika na pengo la miaka miwili ya hisabati na ukajaribu kuliziba kwa kukariri. Pengo linazibika. Kukariri ndiko kusikoziba.

Nikuonyeshe kwamba akili ya hisabati hiyo unayo tayari. Mama yako ana samadi kiasi, na kibanja hakimaliziki. Debe la kwanza analiweka kwenye migomba ya karibu na nyumba na mkungu unanona. La pili linasaidia, ingawa si kama la kwanza. Inafika mahali anasema hapa pametosha, linalofuata lipelekwe kwenye maharage. Hajajiuliza migomba imepata samadi kiasi gani kwa jumla. Amejiuliza debe hili la mwisho limeongeza nini, na lingeongeza nini kama lingekwenda kwingine. Swali hilo la debe la mwisho ndilo kalkulasi inaloandika kwa alama. Darasani wanatafuta kilele cha mlinganyo. Mama anatafuta mahali pa kuacha kumwaga samadi. Kazi ni moja.

Na faida ya kuiandika kwa alama ni kwamba unaweza kupima kitu ambacho macho hayakioni. Huyohuyo Profesa Tibaijuka, katika makala ya mwaka 1994, alichukua saa za kazi za wanaume na za wanawake katika vibanja vya Kagera, akaziingiza kwenye milinganyo, akauliza: ingekuwaje kama mgawanyo ule mgumu wa kazi, hii ya mume na hii ya mke, ungelegezwa? Jibu lilitoka kwamba kipato cha fedha cha kaya kingeweza kupanda hadi kwa asilimia 10. Fikiria ingekuwaje angesimama kwenye kikao cha kijiji na kusema kwa mdomo tu kwamba wanawake wanachoka. Wazee wangetikisa kichwa na kuagiza rubisi. Tarakimu haina aibu wala haikatizwi maneno. Wewe uliyeniandikia kwamba unaosha vyombo wakati kaka zako wanasikiliza redio, nadhani makala hiyo utaielewa upesi.

Kwa hiyo fanya hivi kwa sapu. Usianze na noti. Anza na mitihani ya miaka iliyopita, swali moja baada ya jingine, kwa mkono, mpaka mwisho, bila kuchungulia jibu. Ukikwama, jieleze swali kwa Kiswahili au kwa Kihaya kwanza, ndipo urudi kwenye Kiingereza chake, maana wakati mwingine kinachokushinda ni lugha. Mtafute mwenzako wa EGM mfanye diskasheni hata kwa simu. Wewe mwandikie insha zake za DS (Development Studies), samahani, mfundishe kuziandika, naye akufundishe kalkulasi. Na soma kanuni za chuo chako kuhusu sapu, keri (kubeba somo) na disko (kuondolewa chuoni) kabla hujaanza kuogopa, maana vyuo vinatofautiana, na hofu nyingi za wanafunzi ni za kanuni ambazo hawajazisoma.

Nije kwa baba yako mdogo. Usimchukie, anakupenda, na hoja yake ina ukweli. Mhasibu ana njia iliyochorwa: anafanya mitihani ya bodi ya NBAA, anapata CPA, na kila anayemwajiri anajua amenunua nini. Mchumi hana bodi ya namna hiyo wala leseni. Nafasi za "Mchumi Daraja la II" zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira ni chache na waombaji ni umati. Atakayekuambia shahada ya uchumi peke yake itakupatia kazi anakupaka mafuta. Kinachomtofautisha mchumi mmoja na mwingine ni anachoweza kufanya kwa mikono yake: kusafisha takwimu, kuzichambua, kuandika ripoti ambayo mkurugenzi ataielewa bila kuita mkalimani. Programu ya R ni ya bure. Takwimu za Kagera nilizokutajia ni za bure. Ukimaliza mwaka wa tatu ukiwa umezichambua walau mara moja kwa swali lako mwenyewe, bahasha yako itakuwa na kitu ambacho wengi hawana.

Wakati wa fildi, usikimbilie Dar es Salaam kugonga mihuri na kupeleka chai ofisini kwa watu. Omba idara ya mipango ya Halmashauri ya Muleba, au chama kikuu cha ushirika KCU, au hata chama cha msingi cha kijijini kwenu. Kaa na vitabu vyao. Angalia kahawa ya mkulima inakatwa nini na nini tangu mizani hadi mfukoni. Ukiielewa karatasi hiyo moja, tata ataacha kukuuliza bei na ataanza kukuuliza makato, na makato utakuwa na jibu lake.

Lakini mwambie baba mdogo mambo mawili kwa heshima. La kwanza, kuhama programu si kubadili basi pale stendi. Kuna muda wake, kuna sifa za kozi mpya, na kuna swali la Bodi ya Mikopo kama mkopo utakufuata au la. Mwaka uliokwisha kuusoma huenda ukaurudia, na mkopo huo, kumbuka, utakuja kukatwa asilimia 15 ya mshahara wako ukiajiriwa. Gharama ya fursa uliyoisoma kwenye maikro iweke mezani sasa, na uijumlishe kwa shilingi. La pili, anayekimbia uchumi kwa kuogopa tarakimu na kukimbilia uhasibu amevuka ziwa kukwepa mvua.

Tena baba mdogo mwenyewe, anayeishi mjini, ni mfano mzuri wa maswali ya uchumi. Wachumi waliofuatilia zile kaya za Kagera hadi mwaka 2004 walikuta kwamba waliohama matumizi yao yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi kuliko ndugu zao waliobaki. Waliokuwa wamekulia nyumba moja, wakala chungu kimoja! Sasa jiulize: kama kuhama kunalipa hivyo, kwa nini wengi hubaki? Ni nauli? Ni kibanja ambacho huwezi kukibeba? Ni mama mgonjwa? Ni kwamba waliohama walikuwa watu wa namna fulani tangu mwanzo? Watafiti wenyewe waliumiza kichwa kwa swali hilo.

Na hapa ndipo ninapokupa ile sababu nzuri ya kuacha. Sisi watu wa Kagera tunaitwa nshomile, yaani "nimesoma", tunajivunia shule za siku nyingi, maprofesa, maaskofu na mabalozi. Na bado takwimu za pato la mtu mmoja mmoja hututaja mara kwa mara mkiani mwa mikoa ya Tanzania. Inakuwaje? Je, ni kweli tuko maskini hivyo, au ndizi tunazokula bila kuziuza zinapewa thamani ndogo kwenye hesabu? Je, tuliosoma tulikwenda na elimu yetu na kipato chetu kikahesabiwa kwa mikoa ya wenzetu? Vita vya Kagera, ukimwi, mnyauko wa migomba, umbali na bandari, kila kimoja kimechangia kiasi gani? Soma tena maswali haya usiku huu. Yakikuwasha, ukajikuta unabishana nami kichwani, kaa kwenye uchumi, na hisabati utaijifunza kwa sababu utakuwa na kitu cha kuifanyia. Yasipokuwasha hata kidogo, ukaona ni kelele za wazee, basi ondoka, mwanangu, na uondoke kichwa juu. Kuacha fani kwa kuwa maswali yake si yako ni busara. Kuiacha kwa aibu ya sapu mbili na utani wa majirani ni kumwachia mtu mwingine akuchagulie maisha.

Limebaki moja, na ndilo gumu kuliko kalkulasi. Mwambie tata habari za sapu, na umwambie wiki hii, kabla baba mdogo hajateleza ulimi kwenye msiba au harusi ya mtu. Usimwambie mbele ya wageni. Ngoja amekula, mama yupo, msalimie kwa adabu zenu, kisha sema bila kuzunguka: "Tata, nimefeli masomo mawili. Nitayarudia kabla chuo hakijafunguliwa. Nahitaji saa mbili kila jioni bila kutumwa." Usiongeze sababu saba na hoja sita. Atanyamaza, pengine atanuna siku kadhaa, kwa kuwa alikwisha kukutangaza kijiji kizima na sifa tumezaliwa nazo. Lakini mtu aliyeuza kahawa mbichi mtini Januari ili wanawe wasome si mtu wa kuvunjwa na sapu. Atakachoshindwa kukimeza ni kusikia kwamba alikuwa mtu wa mwisho kujua.

Wewe hukumdanganya mtu kwa kufeli. Unakaribia kumdanganya kwa kunyamaza, na hilo bado liko mikononi mwako kulirekebisha. Baada ya hapo fungua karatasi ya mtihani wa mwaka jana, anza na swali lililokushinda. Ukifaulu, niandikie. Ukifeli tena, niandikie haraka zaidi, maana hapo ndipo tutakuwa na kazi ya kufanya.

Wako,
Shangazi